Wanaotafuta

Pale kliniki walimwita Kamusi, na yeye alijifanya hapendi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Hata mlinzi wa getini alimsalimu, "Kamusi, umeamkaje?" naye akajibu kwa uso wa mtu aliyeonewa, huku moyoni anachekelea. Alikuwa amefundisha Kiswahili sekondari mpaka akachoshwa na chaki, na kliniki ilipotangaza kwamba inahitaji mtu wa kuwaeleza wateja mambo ya maabara kwa lugha inayoeleweka, aliomba kwa utani akachukuliwa kweli.

Kliniki ile iliwasaidia watu waliohangaika kupata mtoto. Mayai ya mke yalichukuliwa, yakakutanishwa na mbegu za mume ndani ya kisahani, na baada ya siku chache kilichopatikana kiliitwa kiinitete, kitu kidogo kuliko punje ya chumvi. Daktari alikiweka tumboni mwa mama, kisha kila mtu akaomba Mungu kwa namna yake. Lakini mara nyingi vilipatikana viinitete vingi kuliko vilivyohitajika, na vilivyobaki viligandishwa kwenye matangi ya baridi kali kule chini. Hapo ndipo kazi ya Kamusi ilipoanza. Mke na mume waliitwa kwenye chumba chake waamue: viendelee kutunzwa, viyeyushwe na kuachwa viishe, au vitolewe kwa maabara ya utafiti ya ghorofa ya juu. Kumpa mwanamke mwingine hakukuwamo kabisa, maana sheria ilikuwa bado haijafika huko.

Ghorofa ya juu alikaa daktari mmoja mrefu, mpole, anayetembea kama anayeogopa kumwamsha mtu. Walimwita Dakta, basi. Alikuwa anajaribu kuotesha seli za jicho, ili siku moja watu wanaopofuka warudishiwe walau mwanga wa kumtambua mjukuu. Kwa kazi hiyo alihitaji seli shina, zile seli changa ambazo bado hazijajua zitakuwa nini, na seli hizo zilipatikana ndani ya kiinitete. Sheria ilimbana kila upande. Kiinitete hakiruhusiwi kukuzwa maabara kupita siku ya kumi na nne. Kilichoingia maabara hakirudi tumboni. Hakuna kuuza, hakuna kununua. Na kubwa kuliko yote, hakiguswi mpaka wenye nacho, wote wawili, wamekubali huku wanaelewa wanachokubali.

Juu ya Dakta palikuwa na kamati ya maadili, yenye mwanasheria, muuguzi mstaafu na viongozi wa dini waliokubaliana kwa shida hata juu ya dirisha, lifunguliwe au lifungwe. Walibishana ni lini hasa kitu kile kinakuwa mtu. Mmoja alisema tangu mwanzo, mwingine akasema mpaka roho iingie, mwanasheria akasema sheria haina kipimo cha roho. Kamusi alikaa pembeni akiwafasiria maneno ya wataalamu, akisikia raha ya mtu anayejua kwamba bila yeye kikao hakisogei. Tusimlaumu sana. Nani hapendi kuhitajiwa?

Kipaji chake kilikuwa kuyapunguza maneno unene. Seli shina hakuzieleza kwa namna moja kwa kila mtu, alimtazama aliyekaa mbele yake kwanza. Mwokaji mikate alimwambia habari za donge la unga lisilokatwa bado. Na neno "utafiti" hakulipenda hata kidogo. Kila alipolitamka aliona watu wanarudisha mikono mapajani kana kwamba ametaja sindano. Basi akalivua koti. Akawa anasema hivi: "Vinakwenda kwa wanaotafuta. Wanatafuta njia ya kuwasaidia watu." Nyuso zikalegea, mikono ikarudi mezani. Mwenyekiti wa kamati alikuja kusikiliza maelezo hayo siku moja, akamsifu mbele ya wote kwamba ndivyo lugha inavyotakiwa kutumika, na Kamusi akatembea na sifa hiyo wiki nzima.

Jumapili moja wifi yake alikuja kuwatembelea. Alikuwa dada mdogo wa mumewe, ameolewa siku nyingi, bado hawajapata mtoto, na nyumbani walikuwa wamekubaliana kimyakimya kutomuuliza. Lakini jirani hakuwa kwenye makubaliano hayo. Aliingia kurudisha chekecheke, akamkuta wifi amekaa, akamtazama kuanzia kifuani kushuka chini.

"Vipi shoga, bado tu?"

"Bado, dada," wifi akajibu akitabasamu kwa mazoea. "Tunatafuta."

Kamusi alikuwa anakata kitunguu. Kisu kikasimama katikati.

Jirani akasema Mungu atajalia, akasema mficha uchi hazai, akataja mganga, akaenda zake. Wifi akahamia kwenye habari nyingine. Kamusi hakusikia hata moja. Alikuwa bado kwenye lile neno, analigeuza kama mtu aliyeokota sarafu na kuona upande wa pili una sura asiyoijua. Tunatafuta. Mtu mzima, aliyeoa au kuolewa, akikwambia anatafuta, asiseme anatafuta nini, nani atafikiri amepoteza funguo? Na yeye, aliyewasahihishia watoto wa watu insha kwa wino mwekundu, alikuwa amekaa kwenye chumba cha kliniki ya uzazi akiwaambia wake kwa waume kwamba viinitete vyao vinakwenda kwa wanaotafuta.

Hapo akamkumbuka Fundi.

Fundi alikuwa mshonaji, mwanamke mfupi mwenye maneno mengi, aliyekuja kliniki baada ya kuhangaika mpaka ndugu wa mume wakaanza kumtafutia kaka yao mke mwingine. Alipata binti. Vikabaki viinitete vitano. Siku ya kuamua alikuja na mumewe, dereva wa lori, aliyekuwa anasinzia kwa uchovu wa safari. Kamusi alimweleza seli shina kwa jora la kitambaa ambalo bado halijakatwa, linaloweza kuwa shati au suruali au pazia, na Fundi akafurahi, akasema sasa hapo tunaongea. Kisha akauliza vinakwenda kwa nani. Kamusi akamjibu kama alivyozoea kuwajibu wote. Fundi akaweka mikono yote miwili mezani.

"Kama vinakwenda kwa wanaotafuta," akasema, "vitoeni. Mimi najua kutafuta kulivyo."

Dereva akasema alilosema mama ndilo, wakaweka sahihi. Kamusi aliipenda sana sentensi ile. Aliwasimulia watu ghorofa ya juu na chini kuonyesha jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kuielewa sayansi. Sasa ilimrudia ikiwa imegeuka. Viwili kati ya vitano vilikuwa vimeshatumika. Ijumaa Dakta alikuwa amemwambia kwa furaha kwamba Jumatatu asubuhi wanaanza na vitatu vilivyobaki.

Tangu hapo hakukalika. Aliosha masufuria yaliyokwishaoshwa. Akatoka nje kuanua nguo, akazikuta mbichi, akazianua hivyo hivyo, akazianika tena. Wifi alipoaga alimsindikiza mpaka njiani, akarudi, akagundua amesahau kumuaga, akatoka tena na kukuta ameshapotea. Mumewe, aliyekuwa sebuleni na redio yake, akaipunguza sauti.

"Una nini? Mbona unahangaika kama kuku anayetaka kutaga?"

Akamweleza. Mumewe alikuwa mtu wa busara za kiti cha kivuli, akasikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Labda alikuelewa vizuri."

"Labda."

"Na kama hakukuelewa, yeye mwenyewe hajui kwamba hakukuelewa. Ana mtoto wake, ana cherehani yake, analala usingizi. Usimwamshe aliyelala, utalala wewe."

"Kesho wanaviyeyusha, baba."

"Na viwili vya kwanza utavirudisha? Utakwenda kumwambia nini mwanamke wa watu, siku ya Jumapili?"

Swali lilikuwa la haki. Akakaa. Akahesabu sababu za kukaa, zikawa nyingi na nzuri: sahihi ipo, sheria imefuatwa, kamati imesifu, Dakta hana kosa, vipofu wanasubiri. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Angeweza kulibadilisha lile neno kuanzia Jumatatu, aseme vingine kwa watakaokuja, na maisha yakaendelea. Aliliona jambo hilo wazi kabisa, akaona jinsi lilivyo rahisi, na urahisi wake ndio uliomtisha. Akavaa viatu.

Duka la Fundi lilikuwa wazi kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa na sare hazijaisha. Kamusi alilipita bila kugeuza shingo. Akafika mpaka duka la dawa, akasoma tangazo la dawa ya minyoo mara mbili, akarudi, akalipita tena. Mara ya tatu Fundi mwenyewe akapiga kelele kutoka ndani.

"Kamusi! Unakagua barabara? Ingia! Vuta hicho kiti, ila usikiegemee, mguu mmoja mwongo."

Ndani kulinukia pasi na kitambaa kipya. Masketi ya bluu yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na dari. Chini ya meza ya kukatia binti yake Fundi alikuwa anatunga vifungo kwenye uzi, ana umri wa kusema kila kitu na kuelewa nusu yake. Kamusi akamsalimia, akauliza habari za baba yake, akaambiwa yuko njiani na lori, atarudi katikati ya wiki. Akauliza habari za biashara. Akauliza habari za miguu ya Fundi, ambayo hakuwahi kusikia kwamba inauma. Kila alipofungua mdomo kusema lililomleta, likatoka swali lingine la adabu.

Akaingia mteja, mama kijana na mtoto mchanga mgongoni, amekuja kuchukua sare ya mdogo wake. Alipokuwa anaitazama mishono, Fundi akamwomba mtoto. Akampakata, akamchekesha, kisha akampitisha kidole gumba kwenye bega moja, akahamia jingine, taratibu, kama anayepima kitambaa ghali. Akamrudisha kwa mama yake na kumwombea afya. Mama alipotoka, Fundi akasema kwa sauti ndogo, kama peke yake.

"Siye huyu."

"Siye nani?" Kamusi akauliza.

Fundi akacheka kwa aibu, akajifunika mdomo kwa futi ya kupimia.

"Utanicheka."

"Sikucheki, dada."

"Baba yake huyu," akaonyesha chini ya meza, "bega lake la kulia limeshuka. Ukoo wao wote. Na huyu analo. Nikimkatia gauni lazima nipunguze upande mmoja, la sivyo linamkaa kama limetundikwa kwenye msumari. Sasa tangu tulipovitoa vile, sijui nikwambieje... mtoto mchanga akiingia humu lazima nimshike mabega. Simtafuti nimdai, Mungu shahidi! Yule ni wa mama yake aliyembeba. Nataka nijue tu kama amefika."

Kamusi akaegemea kiti bila kukumbuka, kikayumba.

"Kila siku namwombea huyo mama," Fundi akaendelea, akikata uzi kwa meno. "Namwombea maziwa yatoke. Mimi yangu yalinisumbua. Nimeshamwambia na mume wangu, nikasema kuna mwanamke mahali fulani amekoma kusemwa na mawifi kwa sababu yetu. Akaniambia basi tumefanya jambo. Yule huwa hasemi kitu, lakini hilo alilisema."

Kamusi alikuwa amekuja kuuliza. Sasa hapakuwa na haja ya swali. Alitamani jirani yeyote aingie, umeme ukatike, mtoto ameze kifungo, lolote. Halikutokea lolote. Sketi moja ilikuwa nusu chini ya sindano.

"Fundi. Hakuna mama."

"Hakuna mama gani?"

"Viinitete vyenu havikupewa mwanamke. Hapa kwetu sheria hairuhusu. Vilikwenda maabara, kwa watafiti. Wanasoma seli. Wanatafuta dawa ya macho."

Fundi akatabasamu, lile tabasamu la mtu anayesubiri mzaha ufike mwisho.

"Lakini ulisema wanaotafuta."

"Nilisema."

"Wanaotafuta, Kamusi. Ulisema hivyo hivyo. Nakumbuka mpaka kitambaa ulichojifunga kichwani."

"Nilimaanisha wanaotafuta dawa. Nililikwepa neno utafiti kwa sababu watu wanaliogopa. Nilitaka iwe rahisi. Kosa ni langu, siyo lako. Leo nimemsikia wifi yangu anasema wanatafuta, ndipo nikajisikia mwenyewe nilivyokuwa nasema."

"Wewe umefundisha Kiswahili," Fundi akasema. Hakulisema kwa kejeli. Alilisema kama mtu anayejaribu kuelewa hesabu isiyokubali.

Mtoto chini ya meza akaomba kifungo chekundu. Fundi akainama, akamtafutia, akampa. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa umezeeka.

"Vyote vitano?"

"Viwili. Vitatu bado vipo."

"Hivyo viwili vilifanywaje?"

"Viliyeyushwa, vikakuzwa siku chache. Wakachukua seli za ndani. Vikaishia hapo."

"Vilikua?"

"Kidogo."

"Viliumia?"

"Havikuwa na mishipa ya fahamu. Havikuwa na pa kuumia."

"Unajua hilo, au umeambiwa?"

"Nimeambiwa. Na watu ninaowaamini."

Fundi akalizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, polepole, sindano ikapanda na kushuka bila kushona kitu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Mama yangu alikufa haoni," akasema. "Miaka ya mwisho alinitambua kwa kunishika mikono. Ungeniambia macho, Kamusi. Ungesema tu, Fundi, hivi vitaishia kwenye kisahani, lakini huenda mtu akaona. Labda ningesema vitoeni. Labda ningekataa. Sasa mimi mwenyewe sitajua ningesema nini. Umeninyima hata kukubali."

Hilo ndilo lililomchoma. Angetukanwa angevumilia, alikuwa amejiandaa kwa matusi tangu kule kwenye tangazo la minyoo.

"Vitatu vilivyobaki wanaanza navyo kesho asubuhi," akasema. "Lakini ni vyenu. Mmoja wenu akikataa, hata dakika ya mwisho, haviguswi. Ndiyo sheria. Nimekuja kwa hilo."

"Viacheni," Fundi akasema.

"Sawa," Kamusi akaanza kusema, na ulimi ukamkwama kwenye neno lililofuata. Tuviache vipi? Tuviache vikae, au tuviache viishe? Kwenye chumba chake cha kliniki aliwahi kuwaambia watu yote mawili kwa neno hilo hilo. Akaona kana kwamba lugha yote aliyolala na kuamka nayo ilikuwa sakafu yenye mbao zilizolegea.

"Fundi, samahani. Kuviacha ni vipi? Usinipe neno moja. Niambie kwa sentensi ndefu, nami nitaifikisha kama ilivyo."

Fundi akasukuma sketi pembeni. Akajifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha bluu, akamwambia. Alisema bila haraka, akimkazia macho, kama anavyomwagiza mwanafunzi wa ushonaji ambaye ameshaharibu nguo mara moja.

Kamusi akatoka mpaka kizingitini na kumpigia Dakta. Alimkuta nyumbani, watoto wanapiga kelele nyuma yake. Akamweleza habari yote, haraka, bila kujitetea. Upande wa pili mlango ukafungwa, kelele zikakatika.

"Ni huyu peke yake?" Dakta akauliza.

"Hapana. Ni wote niliowaeleza. Waulizwe upya wote, kabla hujagusa tangi."

"Unajua maana yake? Kamati itasimamisha kazi nzima."

"Najua."

Dakta akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, na huzuni yake ilisikika mpaka mtaani. "Basi kesho hatuanzi. Huyo fundi amesemaje hasa? Nitalazimika kuiandikia kamati. Nipe neno kwa neno."

Kamusi akageuka. Fundi alikuwa amesimama nyuma ya cherehani, mikono juu ya mashine, anasikiliza. Ile sentensi ilikuwa na mkia, na mkia ule ungeweza kukatwa bila mtu wa upande wa pili kujua. Akarudisha simu sikioni.

"Amesema vikae hapo hapo kwenye baridi, visiguswe na mtu yeyote, mpaka mume wake arudi wakae wawili wazungumze. Na wakishazungumza watakuja wenyewe, waelezwe upya tangu mwanzo. Na atakayewaeleza asiwe mimi."